Ng'ombe Hafi Mara Mbili

Kazi ninayoichukia kuliko kazi zote ni kuosha matumbo. Mama yangu, Pamela, ana hoteli ndogo ya mabati karibu na migodi ya dhahabu ya Masara. Wachimbaji wakitoka shimoni wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, hawataki chai wala mandazi. Wanataka ugali na matumbo. Basi kila asubuhi kabla ya shule, mimi Trizah, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, nilikuwa nabeba karai kwenda kichinjioni, narudi nalo limejaa, kisha nayaosha nikiwa nimeziba pua kwa leso. Yale majani yaliyosagika ndani! Ule utelezi! We acha tu.

Kilichonifanya niende bila kununa ni Kultum. Tunasoma darasa moja, na baba yake, Mzee Hamud, ndiye mchinjaji wa senta yetu nzima. Kultum alikuwa akimletea baba yake chai kwenye thamosi, halafu tunaondoka pamoja.

Senta yetu ina Wasabato, Wakatoliki, na watu wa Roho wanaopiga ngoma barabarani kila Jumapili. Waislamu ni wachache, wengi wao wenye maduka. Hata hivyo, anayechinja ni Mwislamu, na imekuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Mwislamu hali nyama isipokuwa imechinjwa kwa utaratibu wa dini yake, na Mkristo akiikuta imechinjwa hivyo, hana neno, anakula. Kwa hiyo Mzee Hamud akichinja, sote tunakula, na hakuna mteja anayerudi nyumbani na kikapu kitupu. Hata siku moja sikuwahi kusikia mtu akiligombania jambo hilo.

Asubuhi moja tulikuwa tukibishana na Kultum kuhusu mdahalo wa Ijumaa. Mwalimu wetu, Bi. Nyanchoka, alikuwa ametupa mada: Dini ndiyo chanzo cha vita. Mimi nilipewa upande wa kuunga mkono, Kultum upande wa kupinga.

"Nitakushinda mapema," nilimwambia. "Washa redio yoyote. Huku wanapigana kwa ajili ya dini, kule wanapigana kwa ajili ya dini."

"Hapa tunapigana?" Kultum akaniuliza.

Kabla sijamjibu, mkokoteni wa punda uliingia kichinjioni. Nyuma yake alitembea Javan, mwenye bucha kubwa kuliko yote pale senta. Javan ni mtu wa sauti. Kanisani yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, na sokoni hakuna anayeweza kumzidi kwa kelele.

"Mzee Hamud, nimalizie huyu haraka," alisema. "Amechoka njiani."

Amechoka! Ng'ombe alikuwa amelala ubavu juu ya mkokoteni, miguu imekauka kama kuni, tumbo limevimba mpaka ngozi inang'aa. Nzi walikuwa wakitembea juu ya jicho lake, na jicho halikupepesa. Jicho hilo lilizungukwa na baka jeupe la duara, na nililitambua papo hapo. Alikuwa ng'ombe wa Nyanya Bitutu, yule bibi wa ng'ambo ya kilima ambaye kwake mimi huenda kuchukua maziwa kila Jumamosi.

Mzee Hamud aliinama, akaligusa sikio la ng'ombe, akamfunua mdomo, akaufunga. "Huyu amekufa, Javan."

"Amezimia tu."

"Amekufa tangu jana. Mimi sichinji kibudu. Mnyama aliyekufa mwenyewe si chakula cha mtu."

Javan akamsogelea na kushusha sauti. "Pitisha kisu shingoni tu, baba. Nani atajua?"

"Mungu anajua. Na matumbo ya watu yatajua." Mzee Hamud akakirudisha kisu chake kwenye ala. "Ng'ombe hafi mara mbili. Ita daktari wa mifugo amwone, kisha mzike."

Wakati huo watu walikuwa wameanza kufika, akina mama na makarai yao, na vijana wa migodini. Javan aligeuka akawaona. Haraka haraka mfanyakazi wake akamfunika ng'ombe kwa turubai. Halafu sauti ya Javan ikabadilika. Nilisimama karibu naye na niliisikia ikibadilika, kama mtu anayegeuza stesheni ya redio.

"Mmemsikia huyu?" akapaza sauti. "Amekataa kuchinja ng'ombe wa Mkristo! Anasema mnyama wetu ni najisi! Kwa hiyo na sisi tunaomla ni najisi!"

"Mwongo!" nikasema. "Amesema ng'ombe ame..."

"Wewe mtoto, nyamaza wakubwa wakiongea," mama mmoja akanikemea. Alikuwa amefika dakika ileile na hakuwa ameona chochote ila turubai.

Javan akaondoka na mkokoteni kwenda kumchuna ng'ombe mwenyewe, nami nikarudi nyumbani na karai tupu, nikamweleza Mama kila kitu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafunga leso kiunoni, akaenda mwenyewe mpaka bucha la Javan, akanusa vile vipande vyeusi vilivyokuwa vikining'inia, akarudi akitema mate njia nzima.

"Leo tunapika omena," alisema, akishusha mfuko wa wale dagaa wa ziwani.

Kufikia mchana, nilipotoka shule kula, Javan alikuwa ametundika ubao mlangoni. Alikuwa amechora msalaba mwekundu, na chini yake ameandika: NYAMA YETU WENYEWE. Spika ilikuwa ikipiga nyimbo za injili, bei imeshushwa, na foleni imefika barabarani. Mungu wangu! Msalaba juu, mzoga chini, na watu wazima wamejipanga na vikapu vyao huku wakiimba.

Hotelini kwetu wateja walikunja nyuso walipowekewa omena. "Mama Trizah, kumbe siku hizi umekuwa Mwislamu?" akauliza Mjomba Austine, mdogo wake Mama, ambaye huchimba dhahabu na vijana wenzake.

"Nimekuwa na pua," Mama akamjibu. "Na wewe ungekuwa nayo usingeitaka ile takataka."

"Lisemwalo lipo, dada. Wale watu wanatudharau." Akaacha omena mezani, akaenda kwa Javan akanunua kilo nzima.

Uongo ule ulinenepa kuliko ng'ombe mwenyewe. Kwanza walisema Mzee Hamud alikataa kuchinja ng'ombe wa Mkristo. Saa chache baadaye ikawa amemtemea mate ng'ombe. Jioni wakasema Waislamu wana mkutano wa siri. Mkutano! Waislamu wa senta yetu wanaweza kukaa wote kwenye mabenchi mawili ya hoteli ya Mama, na nafasi ikabaki.

Kesho yake shuleni, mvulana anayeitwa Paul aliburuta dawati lake mbali na la Kultum. "Usiguse kitabu changu," alimwambia, "mimi si ni najisi?" Watoto wengine wakacheka. Bi. Nyanchoka alimrudisha Paul mahali pake kwa kumtazama tu, lakini Kultum alikuwa ameshaanza kulia. Alilia bila sauti, machozi yakidondoka kwenye daftari.

Wakati wa mapumziko aliniambia, "Mama ameanza kufunga nguo. Baba anasema mambo yakizidi tutahamia Kendu Bay, kwa ndugu za babu."

"Mtarudi lini?"

"Nani anayerudi mahali alipofukuzwa, Trizah?"

Kultum amezaliwa hapa. Baba yake anasema Dholuo, lugha yetu, vizuri kuliko mimi. Ati leo waondoke kwa sababu mtu mmoja alitaka kutulisha uozo!

Asubuhi iliyofuata uozo ulianza kujibu. Kila nyumba iliyokula nyama ya Javan ilikuwa na mtu anayejikunyata akishika tumbo. Choo cha sokoni kilikuwa na foleni ndefu kuliko ile ya bucha. Wengine hawakuwahi kufika mbele ya foleni, na sitaeleza nilichokanyaga pale nikipita. Nikajiambia, afadhali, sasa watajua. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kumbe sikuwa nawajua watu. Javan alipanda juu ya kreti la soda mbele ya bucha lake, akainua mikono. "Ndugu zangu, tumetiliwa sumu! Wametuona tunachinja wenyewe, wakaingia wakatutilia sumu! Tukinyamaza leo, kesho watatuzika!"

Wakamwamini! Watu waliokuwa wameshika matumbo yao wenyewe, na ladha ya mzoga bado mdomoni, walimwamini. Hapo nilichefuka kuliko siku zote za kuosha matumbo. Kundi likaondoka kuelekea kwenye duka dogo la Mzee Hamud, ambalo nyuma yake ndiko anakoishi na familia yake, vijana mbele na mawe mikononi, na mmoja wao amebeba mtungi wa petroli.

Mama alifika kabla yao. Nilipomkuta alikuwa amesimama mlangoni pa duka, mwiko mkononi. Mzee Hamud alikuwa nyuma yake, na ndani nilisikia mdogo wake Kultum akilia.

"Austine!" Mama alimwita ndugu yake mbele ya watu wote. "Ukirusha hilo jiwe, leo utakula wapi? Mimi sipikii muuaji."

Mjomba Austine akasita, lakini jiwe lingine likatoka nyuma, likavunja dirisha, na la pili likampata Mzee Hamud kwenye paji la uso. Damu ikamtiririka mpaka kwenye kanzu. Alijifuta kwa kiganja, akasema kwa Dholuo, bila kufoka, kwamba alichokataa ni mzoga, si Mkristo.

"Mwongo!" Javan akapiga kelele. "Nani alimwona ng'ombe akiwa amekufa?"

"Mimi!" nikasema.

"Mtoto! Shahidi gani ni mtoto? Niletee mtu mzima mmoja!"

Watu wakacheka, na ndipo nilipokumbuka lile baka jeupe. Nikachomoka mbio. Mama aliniita, sikugeuka. Nilimkuta mwendesha boda boda anayetuletea kuni, nikamwambia twende ng'ambo ya kilima kwa Nyanya Bitutu, Mama atamlipa kwa ugali. Bahati nzuri hakuwa amekula nyama.

Nyanya Bitutu alikuwa akichambua maharagwe. Mguu wake mbaya haumruhusu kuja senta ila siku ya ibada, kwa hiyo hakuwa na habari yoyote. Nilimweleza huku nikihema. Alinitazama, akauweka ungo chini.

"Ng'ombe wangu mwenye baka jichoni?"

"Huyohuyo, Nyanya."

"Yule aliharisha mpaka akafa zizini. Javan aliniomba ngozi. Nikampa ngozi tu, nikamwambia mzoga auzike. Akaniapia kwa jina la Yesu, amesimama hapo unaposimama." Akanyanyuka. "Niletee fimbo yangu."

Tulirudi watatu juu ya pikipiki moja, bibi katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno kwa nguvu. Tulipofika, kijana wa petroli alikuwa ameshafungua kifuniko. Mama alikuwa bado mlangoni, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Nilidhani Nyanya Bitutu ataenda kusimama naye. Hakwenda. Alichechemea mpaka nyuma ya bucha la Javan, ambako ngozi ilikuwa imetundikwa uani ikikauka. Akaivuta ikaanguka, akaishika kwa mkia, akaiburuta barabarani mpaka katikati ya watu, akaibwaga miguuni pa Javan. Nzi walipaa wote kwa pamoja. Uvundo uliotoka pale, watu walirudi nyuma bila kuambiwa.

"Mnamjua huyu?" Nyanya Bitutu aliuliza, akilionyesha baka jeupe kwa fimbo. "Ni ng'ombe wangu. Alikufa mwenyewe, kwa ugonjwa. Wewe Javan uliapa kwa jina la Yesu kwamba utamzika. Ulimzika wapi? Kwenye matumbo ya watu?"

Hata spika ya bucha nadhani iliona aibu, maana wimbo ulikuwa umeisha.

"Huyu mama amenunuliwa na Waislamu," Javan akasema.

Lo! Hilo lilikuwa kosa lake kubwa. Nyanya Bitutu ndiye aliyewafundisha nusu ya wale vijana Shule ya Jumapili, na Javan mwenyewe akiwemo. Mjomba Austine aliitazama ngozi, akamtazama Javan, kisha akaliangusha jiwe lake. Akakimbilia kando ya mtaro na kutapika mpaka akapiga magoti. Mmoja baada ya mwingine, wengine wakamfuata. Kijana wa petroli alifunga kifuniko cha mtungi wake polepole, kama aliyekuwa ameubeba kwa bahati mbaya.

Bi. Nyanchoka alikuwa amempigia simu afisa wa afya, Bwana Motari, na gari lake likafika likiwa na polisi. Bucha likafungwa, nyama iliyobaki ikazikwa shimoni pamoja na ngozi, na Javan akapelekwa Migori mjini kujibu mashtaka. Wagonjwa wakapelekwa zahanati. "Mnyama akifa mwenyewe, msimchune wala msimle," Bwana Motari alituambia kwa ukali. "Kuna ugonjwa unaitwa kimeta, unaua aliyechuna na aliyekula. Safari hii mmeponea chupuchupu."

Nanyi msidhani kila mtu alitubu. Wapo waliokwenda kwa Mzee Hamud kuomba radhi, na Mjomba Austine alikwenda na kioo kipya cha dirisha. Lakini nilimsikia mama mmoja, yuleyule aliyeniambia ninyamaze, akisema, "Sawa, ng'ombe alikuwa amekufa, lakini hata hivyo hawa watu..." Hata hivyo nini? Alikuwa bado ameshika tumbo!

Ijumaa ilipofika nilisimama mbele ya darasa. "Mwalimu, nilipewa kuunga mkono. Siwezi. Vita vya senta yetu havikuanzishwa na dini. Vilianzishwa na mzoga."

Paul akainua mkono. Uso wake ulikuwa umesawijika, maana nyumbani kwao wote walikuwa wameugua. "Lakini Mwalimu, sisi hatukubeba mawe kwa ajili ya nyama. Tuliyabeba kwa ajili ya dini."

Bi. Nyanchoka akaweka chaki mezani.

"Paul amesema kweli, na Trizah amesema kweli," alisema. "Javan hakuwa na dini, alikuwa na tamaa. Lakini tamaa yake ingebaki pale kichinjioni na mkokoteni wake, kama sisi tusingeibeba. Alijua hatutapigana kwa ajili ya faida yake. Kwa hiyo akaifunika kwa msalaba, kama alivyomfunika ng'ombe kwa turubai, na sisi hatukuuliza kuna nini chini. Mahali pengine watafunika kwa mwezi na nyota, au kwa jina la kabila. Mkitaka kujua chanzo cha vita, wanangu, msitazame kitambaa. Kifunueni."

Akamgeukia Kultum. "Na wewe unayepinga, una la kusema?"

Kultum alisimama. "Aliyemkatalia Javan ni mtu wa dini, na aliyemuumbua ni mtu wa dini. Ni hayo tu, Mwalimu." Akakaa. Paul ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha akaliburuta dawati lake mpaka likagusana na la Kultum.

Jumatatu nilikwenda kichinjioni na karai langu. Mzee Hamud alikuwa amefika, plasta kwenye paji la uso, na mbele yake fahali mzima aliyekuwa akivuta kamba na kukoroma kwa hasira. Aliyeishika kamba ni Mjomba Austine. Mzee Hamud akakitoa kisu chake kwenye ala.

"Mshike vizuri," akamwambia. "Huyu yu hai."

"Nimemshika, baba," Mjomba akajibu, macho chini.

Niliyachukua matumbo ya hoteli. Kultum akashika upande wa pili wa karai, maana nguo zao zilikuwa zimeshafunguliwa na kurudishwa kabatini, na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Tulipofika kwetu Mama aliniona nikianza kuyaosha, leso ikiwa bado begani.

"Leo huzibi pua?" akauliza.

"Sizibi, Mama. Yananuka vibaya mno, lakini si kama uozo."

"Vizuri," akasema, akirudi jikoni. "Endelea kunusa. Siku mtu atakapokuja kwako na jina la Mungu mdomoni na hasira machoni, utaihitaji hiyo pua."